Siku za mwanzo za umisheni nje ya nchi: nikujibu kwa yale niliyoyapitia

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umesema unaondoka mwezi ujao kwa miezi mitatu, kanisa linalokupokea liko kijijini, maji ya bomba hakuna, umeme hakuna, na unauliza siku za mwanzo zinakuwaje. Mimi nimeshakwenda mara mbili, ya kwanza ilikuwa miezi minne, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Ndoo na choo cha shimo visikunyime usingizi. Mwili unazoea ndani ya siku chache. Kinachochoma ni kukaa unahudumiwa huku huna cha kufanya. Umefunga, watu wamekuchangia, wazee wamekuwekea mikono mbele ya kanisa zima, unafika roho inawaka. Siku ya pili tu unagundua huwezi hata kuomba maji ya kunywa bila mkalimani.

Jioni ya kwanza mama mwenyeji wangu alinipa ndoo moja ya maji na kopo. Nilikuwa na vumbi la siku mbili za barabara. Nikajimwagia mpaka ndoo ikaisha, nikalala vizuri. Alfajiri nikasikia nyayo nje, nikachungulia. Binti yake, wa kama miaka kumi na miwili, alikuwa anarudi na dumu kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, nguo imelowa mgongo mzima. Akalimimina kwenye pipa, akageuka, akaenda tena. Hakuna aliyenisema neno, lakini niliumia sana, kwa sababu yale niliyoyamwaga usiku yalikuwa shingo ya yule mtoto.

Asubuhi nikamwomba mama anifundishe. Akanionyesha kwa mikono: kopo la kwanza la kulowesha mwili, kisha sabuni, kisha makopo machache ya kusuuza ukianzia kichwani, polepole, na usimame ndani ya beseni ili maji yanayodondoka yafae kufulia. Baada ya siku tatu nusu ndoo ilinitosha. Siku ya nne nikachukua dumu dogo nikaongozana nao kisimani. Maneno yangu ya kwanza ya lugha yao niliyapata njiani: maji, njia, pole, pumzika. Kutoka siku hiyo akina mama wakaanza kuniita kwa jina langu. Kabla ya hapo nilikuwa “mgeni” tu.

Kwa hiyo ukiniuliza andiko la wiki ya kwanza, sitaanza na Agizo Kuu, lile la Yesu la kwenda kwa mataifa yote. Soma Luka 10. Wale sabini walitumwa bila mfuko, bila mkoba, bila viatu, wakaambiwa wakae katika nyumba ile ile, wale na kunywa walichopewa, wasihamehame. Anayetumwa anaanza kwa kuwa mhitaji. Kisha soma mwanzo wa Matendo 28. Merikebu imevunjika, wenyeji wa kisiwa cha Melita wanawawashia manusura moto kwa sababu ya mvua na baridi, na Paulo, mtume, anaokota kuni na kuzitia motoni. Kuombea wagonjwa kunakuja baadaye katika sura ile ile. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi na sikuwahi kuziona zile kuni mpaka nilipobeba dumu.

Sasa afya, na hapa nakuomba usichukulie kwamba imani inatosha. Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alizika mke wake na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na homa haikuangalia wito wake. Sisi tuna kinga ambazo wao hawakuwa nazo. Kama unakokwenda kuna malaria, nenda kwa daktari sasa hivi, usisubiri wiki ya safari: dawa nyingine za kinga zinaanzwa siku 1 au 2 kabla, nyingine wiki 2 au zaidi, na baadhi unaendelea nazo wiki 4 baada ya kurudi. Chandarua kichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia. Homa yoyote, hata miezi kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi. Na kama nchi hiyo inadai cheti cha homa ya manjano, kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo usichome siku ya mwisho.

Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote dakika 1 nzima, au dakika 3 kama mko milimani juu ya mita 2,000. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Mimi niliharisha siku ya sita. Nilikuwa na paketi za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, zikanisaidia. Zikiisha, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, usizidishe chumvi. Ukiona damu au homa kali, usingoje, tafuta hospitali.

Viza yako iseme ukweli wa unachokwenda kufanya. Nchi nyingine zinadai kibali maalumu kwa kazi ya dini, na ukikamatwa, mchungaji mwenyeji ndiye anayebaki na kesi.

Usiku ndio mrefu. Giza linaingia mapema, tochi unaibania betri, na kati ya siku ya tano na ya kumi nilijiuliza kama kweli Mungu alinituma au nilijituma. Nililia, tena si mara moja. Mama yule alinisikia usiku mmoja, akaja akaketi kwenye mkeka wangu, akaomba kwa lugha yake mpaka nikatulia. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa jina la Yesu na jina langu. Nilikuwa nimekwenda kuwaombea wao.

Jambo moja la mwisho: ongea na watu wa nyumbani kabla hujaondoka, mkubaliane siku moja ya wiki ya kupiga simu pale penye mtandao, na wajue kabisa kwamba ukimya wa siku sita katikati si habari mbaya. Mimi sikufanya hivyo, na mama yangu mzazi aliteseka bure wiki nzima.