Njumu kwenye chungu: anza na mstari wa giza

Bakuli langu la kwanza la njumu, yaani nakshi ya mistari iliyochimbwa ikajaziwa udongo wa rangi nyingine, lilidondosha nakshi zake kama mkate mkavu unavyodondosha makombo. Nilikuwa nimelifinyanga kwa udongo mwekundu, nikalichora mistari, nikaijaza kaolini, udongo mweupe wa Pugu, iliyokorogwa kwa maji. Siku ya tatu nilipoliinua, nusu ya mistari ilibaki mezani.

Udongo ule mwekundu husinyaa sana ukikauka, kaolini husinyaa kidogo. Basi chungu kinabana, nakshi inaruka. Hata iliyosalia, baada ya moto wa kuni ilifutika kwa kidole kama chaki, maana kaolini tupu haikomai kwa moto ule.

Kwa hiyo usianze na mstari mweupe juu ya chungu chekundu, ingawa ndio unaotamanisha. Finyanga kwa udongo wa rangi hafifu, ujazie rangi ya giza. Udongo uleule unaweza kuutia giza. Kuufanya mweupe huwezi. Kausha kiasi cha udongo huo, uponde, upime gramu 100, changanya na gramu 8 hadi 10 za oksaidi nyekundu ya chuma, unga ule wa kutia rangi sakafu za saruji. Nyeusi ya saruji niliijaribu pia. Kumbe yangu ilikuwa ya masizi, ikaungua yote na bakuli likatoka halina kitu.

Wafinyanzi wa Korea wa enzi ya Goryeo (918–1392) walijazia korongo na mawingu kwa nyeupe na nyeusi pamoja, kisha wakafunika kwa glezi (ngozi ya kioo inayoyeyukia juu ya chungu) ya kijani-kijivu. Lakini wao walikuwa na tanuri kali kuliko shimo langu la kuni.

Chora wakati kidole hakizami lakini ukucha unaacha alama. Mimi natumia spoku ya baiskeli niliyoinoa, kina cha milimita 2 au 3. Mstari mwembamba usio na kina utaukwangua wote bila kujua. Udongo wa kujazia uwe mzito kama mtindi. Maji yakitoka utadidimia, kwa hiyo rudia mara mbili, tatu, mpaka uvimbe juu ya mstari. Hapo chungu kitaonekana kichafu kabisa, na mwanafunzi hukimbilia kitambaa kibichi. Usithubutu! Kitambaa kinapaka rangi kila mahali.

Funika kwa nailoni, ungoje. Kesho yake kwangua kwa kipande cha msumeno wa chuma. Yakitoka maganda kama ya penseli inayochongwa, endelea. Likitoka tope, funika tena. Likitoka vumbi umechelewa. Usilazimishe kwa msasa, vumbi la udongo linaumiza mapafu. Mistari inapojitokeza safi chini ya uchafu ule, hapo ndipo ninapousamehe ufinyanzi taabu zake zote.

Ukiishiwa subira ya kungoja nyeupe, tengeneza kwanza vipande vya majaribio vya kila udongo, chora kwenye kila kimoja mstari wa sentimita 10, kausha, choma, kisha pima upya. Vyangu viko dirishani jikoni: mmoja umebaki 8.8, mwingine 9.4. Kwa kuwa havisinyai sawa, hao sijawaozesha bado.