Jibu: Maktaba ya shule, blogu au wiki?
Mwalimu, umeuliza uanze na kipi, blogu au wiki, kwa maktaba ya shule yenu hapo Bahi, na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Mimi ningeanza na wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaandika na kurekebisha kurasa zake. Blogu inataka mtu wa kuandika kila mara. Inafaa kutangaza vitabu vilivyoingia, basi. Ukihamishwa kituo, nayo imekufa.

Wiki inahaririwa na wengi, na kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa. Mwanafunzi akifuta aya nzima kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa (na atakuwepo wa kufuta, vijana hawa!), unafungua historia, unarudisha toleo la jana. Wape kidato cha pili ukurasa wa kijiji chao: lambo lilichimbwa lini, mtama gani unapandwa. Itabidi wakawahoji wazee.

Kuhusu mtandao, Kiwix ni programu ya bure ya kusomea Wikipedia bila mtandao. Pakua Wikipedia ya Kiswahili ukiwa Dodoma mjini, ibebe kwenye flashi, iweke kwenye kompyuta ya maktaba. Inasomeka bila bando. Humo lakini ni kusoma tu. Ya kuandika wenyewe, jaribu DokuWiki, programu ya kutengenezea wiki; haihitaji hifadhidata (database) ya pembeni, kurasa zinakaa kwenye mafaili ya kawaida.