Nilimwambia daktari sikoromi

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja ambaye sitamtaja. Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, ana kilo 118, na upasuaji wake ni wiki ijayo. Ameandika hivi: "Dada, daktari wa usingizi ameniuliza kama nakoroma, halafu akanipima shingo kwa tepu kama fundi cherehani. Nyongo na shingo wapi na wapi? Au ananidharau kwa ajili ya mwili wangu?"

Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata. Miaka minne iliyopita niliulizwa swali hilohilo nami nikiwa na mawe hayohayo. Nikadanganya. Uongo ule ulinilaza siku tatu chumba cha wagonjwa mahututi.

Nianze na mzani, maana ndiko ilikoanzia. Miezi kadhaa kabla ya upasuaji nilikwenda kliniki moja kwa jambo dogo tu, nesi akanipandisha kwenye mzani ulioko koridoni na kusoma kwa sauti ya mnada: "Mia ishirini na moja!" Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja akaguna. Kiguno kile ninacho hadi leo. Nikajiapiza kwamba namba ile haitatoka tena kinywani mwangu.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia upasuaji, daktari wa usingizi alipokuja na faili lake, mimi nilikuwa nimeshajipanga.

"Uzito?"

"Mia na tano."

"Unakoroma?"

"Mimi? Labda nikiwa na mafua."

Mume wangu, aliyekuwa amehamia kwenye kochi la sebuleni mwaka wa pili sasa, alikohoa na kuangalia viatu vyake.

"Kuna mtu amewahi kukuona unakata pumzi usingizini?"

"Hapana."

"Mchana unasinziasinzia?"

"Hapana." Na hapo ndiyo kwanza nilikuwa nimeamshwa ili nimjibu yeye.

Akaandika kama nilivyosema. Hakuna aliyenipima upya. Hilo nalo linaniuma, nisiseme uongo wa pili: mtu wa mwili wangu akikwambia ana kilo mia na tano, mpeleke kwenye mzani. Ila mdomo uliodanganya ulikuwa wangu.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia, nilikuwa nusu kaputi. Ninachokumbuka ni baada yake, chumba cha kuzindukia. Nililalamika maumivu, nikachomwa mofini, nikiwa nimelala chali. Dari jeupe. Halafu sauti: "Vuta pumzi! Mama, vuta pumzi!" Niliisikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba sikuhangaika hata kidogo. Sikuhisi kukabwa, sikuhisi kufa. Nilijisikia raha tu, na nikamwona huyo anayepiga kelele ni msumbufu. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kilikuwa kinasoma 68. Mtu mzima wa kawaida husoma 95 na kuendelea.

Siku ya pili daktari yule alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilitegemea kufokewa. Akauliza kwa upole, kama vile ndiyo mara ya kwanza: "Mama, unakoroma?" Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akadakia: "Daktari, anakoroma mpaka anakata. Ananyamaza kimya, mimi nahesabu, halafu anashtuka kama ametolewa majini."

Ndipo nikaeleweshwa, na hapa ndipo penye jibu la dada aliyeniandikia.

Kila unapotoa pumzi, mapafu hayabaki matupu. Hubaki akiba ya hewa. Dawa ya usingizi ikikuzimisha na pumzi yako ikasimama, kabla mashine haijaanza kukupumulia, akiba hiyo ndiyo unayoishi nayo. Kwa mtu mnene, mafuta ya tumbo na kifua yanasukuma kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, kwenda juu na kuibana akiba. Akilazwa chali inabanwa zaidi. Na katika upasuaji wa matundu, tumbo hujazwa gesi ili kamera ione, nayo inasukuma tena. Mtu mwembamba mwenye afya, akijazwa oksijeni vizuri kabla ya kulala, anaweza kukaa kama dakika 8 bila kupumua ndipo oksijeni yake ishuke chini ya 90. Mtu mnene sana ni kama dakika 3 tu, pengine pungufu. Ndani ya dakika hizo daktari anatakiwa awe ameshapitisha mpira kooni, kwenye koo ambalo nalo limezungukwa na mafuta.

Sasa shingo. Usingizi hulegeza misuli ya koo. Shingo ikiwa nene, njia ya hewa inajifunga. Mlio wa hewa inayopenya kwa shida ndiyo kukoroma, na ikifunga kabisa ndiyo ule ukimya ambao mume wangu alikuwa akiuhesabu. Nyumbani ubongo unakushtua unapumua. Hospitalini una mabaki ya dawa ya usingizi mwilini na mofini juu yake, na hicho kinachokushtua ndicho kilicholazwa. Madaktari wana dodoso la maswali 8 la kumtambua mtu wa namna hii, na shingo inayozidi sentimita 40 ni mojawapo. Yangu ilikuwa 43. Kwa hiyo dada yangu, hakuwa anakudharau. Alikuwa anapiga hesabu ya dakika zako.

Nilipotoka nilipimwa usingizi, nikapewa mashine ya kulala nayo, ile inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge. Mume wangu alirudi chumbani. (Analalamikia mlio wa mashine, lakini karudi.)

Na mwezi uliopita nimefanyiwa upasuaji mwingine. Kovu moja la ule wa kwanza lilitokeza ngiri. Safari hii niliingia kama mwanafunzi aliyesoma mtihani. Daktari wa usingizi hata hajakaa nikamwambia: kilo 114, shingo 42, nakoroma, nakata pumzi, safari iliyopita nilishuka hadi 68, na mashine yangu ni hii hapa, nimekuja nayo. Aliweka kalamu chini akanitazama. Nilijisikia fahari, siwezi kuficha.

Sikulazwa chali. Waliniinua kwa mito kuanzia mgongoni mpaka kichwani, tundu la sikio likawa usawa mmoja na shimo la chini ya koo, nikawa kama mtu anayesoma gazeti kitandani. Nikavutishwa oksijeni kwa barakoa, pumzi ndefu moja baada ya nyingine, ndipo nikalala. Mpira waliutoa nikiwa macho, nimekaa. Maumivu waliyatuliza kwa paracetamol na ganzi kwenye kidonda, mofini kidogo sana. Usiku nikalala na mashine yangu. Kidole kilisoma 96, na nesi akaja kunionyesha.

Basi ndugu zangu wenye miili, semeni ukweli. Aibu ni ya dakika moja. Unakoroma, sema. Hujui kama unakoroma, muulize unayelala naye, na yeye ndiye uende naye siku ya kuhojiwa. Uzito, sema wa leo, si wa harusini. Kama unatumia sindano za kupunguza mwili, sema mapema, kwa kuwa hizo huchelewesha chakula tumboni, na chakula kikipanda wakati umelala kinaingia mapafuni. Una mashine ya usingizi, ibebe. Nanyi mnaosema "kwani lazima ajue kila kitu?" ndiyo, lazima, huyu atakushikia pumzi yako mkononi! Na ukiona wamepanga kukulaza chali baada ya upasuaji, omba kuinuliwa. Najua najirudia. Nitajirudia mpaka niache kukikumbuka kile kiguno.

Nilimjibu dada yule haya yote kwa urefu, nadhani nilimchosha. Asubuhi nikakuta ameandika mstari mmoja: "Nilimwambia nina 110. Nampigia sasa hivi."