Uliza Nasaba ya Kanda Kabla ya Kuuliza Bei

Wiki iliyopita, saa tano usiku, kijana mmoja wa Mombasa aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepata mtu anauza demo za Queen za 1971, kaseti halisi. Anataka pauni 150. Anasema hazijawahi kutoka popote duniani. Nitume?"

Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia palepale. Neno "nitume" lilinitia hofu, maana najua kidole cha mtu kinavyokuwa karibu na kitufe saa kama zile.

Nikamwambia asitume hata senti. Demo hizo, yaani rekodi za majaribio za bendi ya Uingereza iitwayo Queen, nazijua. Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley na ilihitaji bendi yenye makelele ya kupimia vyumba na mitambo. Queen, ambao hakuna aliyekuwa akiwajua wakati ule, wakakubali kuja kupiga, na ujira wao ukawa kurekodi bure. Wakaondoka na nyimbo tano, zikiwemo "Keep Yourself Alive" na "Liar". Kwa miaka mingi nyimbo hizo zilizunguka kwa wakusanyaji, nakala ya nakala, hadi zingine zilisikika kama zinapigwa ndani ya mtungi. Lakini mwaka 2011 albamu yao ya kwanza ilipotolewa upya, demo zote tano ziliwekwa humo, safi kabisa, na mwaka 2024 zikatoka tena. Anayekwambia hazijawahi kutoka, ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa kaka, wewe ulijuaje kutoibiwa?"

Niliibiwa, mdogo wangu. Na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnaota siku ya kushika kanda ambayo hakuna mwingine anayo, nitaeleza yote.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Nyumbani kwetu kulikuwa na redio kaseti ya National, na mama alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kunasa taarabu zikirushwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar. Wimbo ukianza, nyumba nzima kimya. Ukikohoa, unatolewa nje. Kanda zake zilikuwa na sauti ya mvua juu ya bati, jogoo wa jirani, na muadhini akiingia katikati ya ubeti, na mpaka leo nyimbo zile nikizisikia safi kwenye diski naona zimepungukiwa na kitu. Kupenda rekodi yenye mahali pake na siku yake nilikupata kwa mama. Niliposikia kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ndiye Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, nikawa wa Queen moja kwa moja. Kutoka Queen nikaingia bendi nyingine za Uingereza, Led Zeppelin, kisha Pink Floyd, na nilipohamia Leicester, Uingereza, mwaka 1998 nikajikuta niko katikati ya shamba lenyewe.

Mwaka 2004 nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Kwenye maonyesho ya santuri nikakutana na muuzaji mmoja, jina lake silitaji. Alinivuta pembeni, akatoa kaseti kwenye mfuko wa ndani wa koti. Onyesho la Queen ukumbi wa Rainbow, London, Machi 1974, imenaswa moja kwa moja kutoka kwenye miksa, mtambo unaochanganya sauti za ukumbini. Nakala ya kizazi cha kwanza, yaani iliyotolewa kwenye kanda ya asili yenyewe. Ziko tatu tu duniani. Pauni 240.

Nilikuwa nazo. Nilikuwa nimeziweka za bati la paa la mama.

Nikatoa.

Usiku ule ule nikakaa jikoni na hedifoni. Nyimbo mbili za mwanzo moyo ulikuwa unanienda mbio. Kwenye wimbo wa tatu, pale walipopunguza sauti, nikasikia kitu: tik. Kikapita. Tik. Nikadhani ni kaseti yenyewe inagonga. Tik. Nikavua saa ya mkononi nikaiweka mezani, nikahesabu. Milio 10 kwa sekunde 18. Nikarudia, ikawa vilevile.

Anayejua santuri ameshaelewa. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Mchubuko mmoja juu ya santuri unagongwa na sindano kila mzunguko. Kanda iliyotoka kwenye miksa haina sindano! Niliyouziwa ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye santuri ya magendo, iliyotengenezwa bila ruhusa ya bendi, kitu ambacho wakati ule ungekipata kwa pauni 15. Na onyesho lenyewe likatoka rasmi mwaka 2014, kila mtu akalinunua dukani. Bati la mama lilichelewa mwaka mzima, na masika yale alikuwa ananisimulia kwenye simu ndoo alizopanga chumbani. Mpaka leo sijamwambia kwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: uliza nasaba. Sisi watu wa pwani tukiletewa posa tunauliza mtoto wa nani, mjukuu wa nani, ametokea wapi. Kanda ni hivyo hivyo. Nani alinasa, kwa chombo gani, akiwa amesimama wapi, na imepita mikono mingapi hadi kufika kwako. Mwenye kanda ya kweli atakueleza mpaka uchoke, kwa sababu nasaba ndiyo fahari yake. Mwenye ya uongo atakwambia fanya haraka, kuna mwingine anaitaka.

Zipo rekodi ambazo nasaba yake inajulikana kama ukoo wa masharifu. Mwaka 1958 vijana wa Liverpool, Paul McCartney, John Lennon na George Harrison waliokuja kuwa Beatles wakiwemo, walirekodi nyimbo mbili kwenye studio ya nyumbani ya Percy Phillips. Ikatoka sahani moja tu. Wakawa wanapeana zamu ya kukaa nayo, mpaka ikabaki kwa mpiga piano wao, John Lowe, zaidi ya miaka 20. Mwaka 1981 Paul akainunua kwake. Hakuna pengo hata moja. Au mchukue Mike Millard, Mmarekani aliyekuwa akinasa maonyesho kule Los Angeles kwa kinasa sauti cha Nakamichi 550, dude zito, ambalo rafiki zake wanasimulia kwamba alikuwa akiliingiza ukumbini akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Led Zeppelin wa tarehe 21 Juni 1977 tunawasikia vizuri hivi kwa sababu yake. Mtu akileta kanda ya Millard, swali ni moja: imetoka kwa Millard kupitia kwa nani?

Na iko moja ambayo nikiifikiria namkumbuka mama. Machi 1969 Led Zeppelin walirekodi BBC kwa ajili ya kipindi cha mwanamuziki Alexis Korner cha Idhaa ya Dunia, kikarushwa Aprili. Kanda ya BBC haikubaki. Ndani yake kulikuwa na wimbo, "Sunshine Woman", ambao hawakuuweka kwenye albamu yoyote ya studio. Kilichookoka ni kile ambacho msikilizaji alikinasa kwake kutoka redioni, na mwaka 2016 rekodi hiyo ya msikilizaji ndiyo iliyoingizwa kwenye toleo rasmi. Shirika kubwa lilipoteza, mtu na redio yake akahifadhi. Kila mara mtu akiniambia kukusanya kanda ni kupoteza muda, hiki ndicho ninachomjibu.

Ushauri wa pili ni masikio. Usikilize kwa hedifoni, usiku, mwanzo hadi mwisho, kabla hujasifu chochote. Faili za siku hizi zina wizi wake: mtu anachukua MP3, faili lililobanwa hadi sauti ikapungua, anaigeuza FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, inakuwa nzito, unadhani ni asili. Ifungue kwenye programu inayochora picha ya sauti. Ukiona sauti zote nyembamba za juu zimekatika kama ukuta kwenye kilohezi 16, uwe na shaka kubwa, na uulize nasaba. Umeme nao unasema. Wa Uingereza unavuma kwa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wa Marekani 60. Ukiambiwa onyesho ni la Manchester na mvumo wa vikuza sauti kati ya nyimbo uko hezi 60, uulize tena.

Hela nayo. Kuuza rekodi za magendo ni kosa la jinai hapa Uingereza, na wakusanyaji wa kweli niliowafahamu walikuwa wanabadilishana, au unatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia. Baada ya 2004 sijanunua tena kanda ya magendo. Vilivyotoka rasmi nanunua dukani, na wewe fanya hivyo.

Sasa lile ambalo sikupanga kuliandika.

Mwaka 2009 mkusanyaji mmoja mtu mzima, aliyenichukua kama mwanawe, alinipa nakala ya kanda yake mwenyewe. Alikuwa amesimama ukumbini mwaka 1975 na maikrofoni kwenye mkono wa koti. Aliniambia neno moja: hii isitoke kwako. Nikaapa. Miezi miwili baadaye rafiki yangu, tuliyekuwa tukila sahani moja, akaniomba asikilize tu. Nikamwachia wikiendi moja.

Kabla mwaka haujaisha niliiona kwenye meza ya muuzaji. Diski mbili, jalada la rangi, pauni 20. Nikaisikiliza nikiomba isiwe yenyewe, lakini dakika ya nne kulikuwa na yule mtu anayepiga mluzi mara tatu, na ni kanda ile tu iliyokuwa na mluzi ule. Mzee alijua kabla yangu. Sikupata nafasi hata ya kujitetea, na ningejitetea kwa lipi? Aliacha kupokea simu zangu. Alifariki 2013, na habari niliipata kwa watu, wiki tatu baada ya mazishi. Rafiki yule bado yupo mjini hapa hapa, tunakutana sokoni na ananisalimia kama hakuna kitu. Naitikia salamu kwa sababu ni wajibu, lakini moyo bado haujakubali.

Ndugu zangu, amana ni amana. Ukipewa kanda kwa sharti, sharti hilo ndilo kanda yenyewe. Usimpe mkeo, usimpe ndugu yako, usimpe anayeomba "asikilize tu". Ukishindwa kuhifadhi neno la mtu, hata ukiwa na kanda 2,000 hujakusanya kitu. Na vijana mnaopenda kujionyesha mitandaoni, nawaomba mlisome tena hilo kabla ya kupandisha faili la mtu.

Sasa niseme nililolipata mwaka huu, maana nalo ni haki yangu kulisema.

Siku hizi ni dereva wa basi. Mwezi wa pili alipanda mzee wa Kiingereza na boksi la viatu limejaa kaseti, anapeleka jalalani. Nikamwomba asishuke, twende hadi mwisho wa njia. Moja ilikuwa na maandishi ya kalamu: jina la bendi, De Montfort Hall, "72". Bendi sitaitaja, mzee mwenye kaseti ameniomba, na sasa najua kuheshimu ombi. Kile kisifongo kinachobana utepe kilikuwa kimedondoka. Nikafungua skrubu tano, nikahamishia utepe kwenye ganda jipya, polepole, mikono imeoshwa na kukaushwa.

Nilipoipiga, waimbaji walikuwa juu ya sauti yao. Nikautafuta mvumo wa umeme: hezi 52, na kadiri onyesho lilivyoendelea ulikuwa unapanda. Betri! Kinasa sauti kilikuwa kinaishiwa nguvu ukumbini, utepe ukinaswa taratibu kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana sasa unakimbia. Nikaushusha mvumo hadi 50 toka mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande, usiku tatu, na sauti zikarudi kuwa za watu ninaowafahamu.

Nikampelekea nyumbani. Kati ya wimbo wa pili na wa tatu kuna msichana anauliza basi la mwisho ni saa ngapi. Mzee akasimama. Akasema huyo ni dada yake, ndiye aliyeficha mashine ndani ya koti. Akachukua simu akampigia Perth, Australia, kule usiku wa manane, akaiweka karibu na spika. Dada akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Nikaomba kumuuliza, kwa adabu, kuhusu ule mwaka, kwa sababu kuna wimbo humo ulionitia shaka, ulitoka kwenye albamu ya mwaka uliofuata.

"Si sabini na mbili," akasema. "Tiketi nilinunua mimi, kwa mshahara wangu wa kwanza, na kazi niliianza Januari sabini na tatu. Yeye ndiye aliyekosea kuandika."

Mzee akabisha kidogo, akashindwa. Akanipa penseli, nikaandika chini ya ile "72": 1973, kwa ushahidi wa dada, aliyekuwa na mashine.