Sekunde 10 za helmeti

Juzi dada mmoja wa Malindi aliniandikia: "Kaka, mwaka ujao nataka kushindana triathloni kwenye michezo ya kanda. Nianze na nini?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja, nikashtukia chai imepoa. Basi jibu lake nalileta hapa, maana najua nyote mnaonisoma mnaota medali.

Dada, anza na helmeti.

Mwezi uliopita nilishiriki michezo hiyohiyo, mbio za umbali mfupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Tuliingia majini saa moja asubuhi, siku ya bamvua. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa: saa hiyo maji yanakupwa, na mkondo wa hori unakwenda baharini kama gari lililokatika breki. Wenzangu wa bara walilielekea boya moja kwa moja, wakasombwa, wakabaki kupigana na maji. Mimi nilijibana ukingoni kwenye mikoko, ambako mkondo ni mlegevu, nikapanda mpaka nikalipita boya, ndipo nikakata kati na maji yenyewe yakaniteremsha. Nilitoka wa pili. Mimi, niliyejifunza kuogelea nimekumbatia dumu la lita 20!

Baiskeli haina hadithi. Upepo wa kusi usoni, mgongo wa mtu mbele yangu, basi.

Kisa kiko mahali pa kubadilishia, pale unapoiacha baiskeli uanze kukimbia. Kanuni inasema helmeti ifungwe kabla hujaigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli imeshatundikwa kwenye chuma chake. Naijua. Watoto wa mtaani kwetu nimewafundisha mimi. Lakini niliporudi, mkono mmoja unasukuma baiskeli, wa pili ukaenda wenyewe kidevuni. Kifungo kikalia, tak, zimebaki hatua tatu. Mwamuzi akaandika namba yangu bila hata kunitazama usoni.

Adhabu ni kusimama sekunde 10 ndani ya kisanduku kilichochorwa chini, wenzako wakipita. Niliingia humo nikiwa wa tatu. Shaba niliikosa kwa sekunde 4. Mama alikuja na leso yake ya kushangilia, akairudisha mkobani bila kuikunjua.

Usiku rafiki akanitumia habari za Hayden Wilde wa New Zealand. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, 2022: kosa la kufungua helmeti mapema, sekunde 10, na dhahabu ikaenda kwa Alex Yee wa Uingereza. Alidhani itanifariji. Wilde alirudi kwao na medali ya fedha. Mimi nilirudi na fulana isiyonitosha.

Kwa hiyo, dada, fanya mazoezi ya helmeti. Funga, kimbia na baiskeli, tundika, ndipo ufungue. Fanya mara hamsini ukiwa umechoka, maana ukiwa hujachoka kila mtu ni hodari. Ukimaliza, rudia. Tazama na majira ya maji kabla ya siku yenyewe. Halafu urudi kwenye helmeti.

Na ninyi vijana mnaoniuliza baiskeli ya kaboni inauzwa wapi, hebu tulizaneni. Mnataka magurudumu ya bei ya pikipiki na hamjui kufungua kifungo kwa wakati wake. Triathloni imeachwa nje ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow 2026. Milango inafungwa, na wewe bado unachagua rangi ya miwani! Heshimuni mambo madogo. Mimi nilidharau kifungo cha plastiki, na mpaka leo nikisikia mtu anavua helmeti ya bodaboda, tumbo linanikaza.

Jumapili ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa kwa nguvu, na yanajaa kama saa nne asubuhi. Nitakuwa ufukweni na baiskeli na kipande cha bomba cha kuitundikia, nilichofunga kati ya minazi miwili. Mwenye helmeti aje nayo.