Kwa nini moteli, na kwa nini nyakati mbili

Umeuliza kwa nini hadithi za moteli (hoteli ndogo ya kando ya barabara) yenye mizuka hupenda kurukaruka kati ya zamani na sasa badala ya kwenda moja kwa moja. Mimi naona sababu kubwa ni teknolojia, mizuka inafuata baadaye. Mhudumu wa zamu ya usiku akitoweka Marekani mwaka 1982, hana simu ya mkononi ya kufuatilia, na kipimo cha vinasaba kilikuwa bado: polisi walikitumia kwa mara ya kwanza kwenye kesi ya mauaji Uingereza mwaka 1986. Mgeni aliyelipa taslimu aliandika jina lolote kitabuni, akapewa ufunguo, basi. Mpwa anayemtafuta mhudumu huyo leo ana intaneti, lakini mashahidi wamezeeka au wamekufa. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana, na raha iko hapo.

Halafu moteli yenyewe. Milango inafungukia kwenye maegesho, kwa hiyo mtu huingia na kutoka bila kupita mapokezi. Nyingi za barabara za zamani zilidorora baada ya sheria ya Marekani ya 1956 ya kujenga barabara kuu mpya kuyahamishia magari kwingine, hivyo si ajabu jengo likabaki vilevile miaka mingi, zulia lilelile. (Zulia linanitisha kuliko mzuka.)

Ukisoma hadithi ya aina hii, kiangalie sana kitabu cha wageni. Mwandiko uleule chini ya majina tofauti, huyo ndiye wa kumshuku.