Maswali ya Wanyama: Je, Kapibara ni Kiboko Mdogo?

SWALI: Asalaam aleikum. Wanangu wamenionyesha kwenye simu kapibara akiota jua, ndege wamemkalia mgongoni. Viboko tunawaona hapa mlangoni mwa mto Sabaki, na jirani ameshikilia kuwa huyu ni kiboko mdogo. Kweli? Mbona pia anakula mavi yake, anaumwa?
Baba Watatu, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Jirani yako amedanganywa na sura. Macho, masikio na pua vikikaa juu kichwani, mnyama hujizamisha akabakisha utosi tu, huku anaona na kupumua. Umbo hilo kila mmoja kalipata kivyake kwa kuishi majini. Mtazame mdomo: meno ya mbele mawili juu na mawili chini, yasiyokoma kukua. Kapibara ni wa jamii ya panya, mkubwa kuliko wote duniani, kilo 35 hadi 65, na kwao ni Amerika Kusini.

Mavi si ugonjwa hata kidogo. Kapibara hula kilo 3 hadi 4 za nyasi mbichi kwa siku. Bakteria huzichachusha katika mfuko ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, lakini hapo utumbo mwembamba, ambao ndio hasa hufyonza chakula, umeshapitwa. Kwa hiyo asubuhi hutoa kinyesi laini akakila palepale, kipite mara ya pili. Kile kigumu cha mviringo hakigusi. Ukimzuia unamnyima protini na vitamini.

SWALI: Nafuga simbilisi, naambiwa ni ndugu wa kapibara. Mmoja hataki kutembea, viungo vimevimba, ufizi watoka damu. Nawapa majani makavu na pumba.
Mama Mfugaji, Langoni, Lamu

JIBU: Pole, Mama. Dalili hizo ni za kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Undugu ni wa kweli, na wote wawili, kama sisi binadamu, hawawezi kujitengenezea vitamini C. Hata kapibara akifungiwa na kulishwa vikavu tu humpata hayo hayo.

Simbilisi wa kilo 1 anahitaji miligramu 10 hadi 30 kila siku: kipande cha pilipili hoho cha gramu 25 kinatosha, kikatwe siku ile ile. Usiitie vitamini kwenye maji ya kunywa, huharibika upesi. Huyo mgonjwa anahitaji zaidi, basi mpeleke leo kwa daktari wa mifugo ampimie dawa. Pumba punguza, nyasi ndefu zisikosekane. Meno yasiposagwa hurefuka hadi akashindwa kutafuna.